Atachimenti, kupokezana au jua kali: kijana wa ufundi apitie mlango upi?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yalipotoka, dada yangu alinipigia simu kutoka Kakamega. Hakuuliza habari za Nakuru wala za mvua. "Kaka, mtoto ana D plasi. Anasema anataka mambo ya mashine. Nimpeleke wapi?" Nikamwambia anipe siku mbili. Zikawa wiki mbili, maana jibu lililokuwa limenijia mdomoni, "mpeleke chuo tu," lilikuwa la mtu anayetaka kurudi kwenye chai yake.

Mimi ni msimamizi wa karakana ya matengenezo katika kiwanda kimoja hapa Nakuru. Kila muhula naletewa vijana wa atachimenti, yaani wanafunzi wa chuo wanaokuja kujifunza kazini. Ufundi wenyewe sikuupata chuoni. Nilianzia Kibuye, Kisumu, chini ya fundi aliyenituma maji miezi kadhaa kabla hajanituma spana. Kwa hiyo haya ninayoyalinganisha nimeyaonja nikiwa mfundishwa na nimeyaonja nikiwa mfundishaji.

Milango ni mitatu. Wa kwanza kila mtu anaujua: kijana anasoma chuo cha kiufundi, kisha anakwenda kiwandani kwa atachimenti, aghalabu miezi mitatu. Wa pili ni mafunzo ya pande mbili, ambapo chuo na kiwanda hupokezana kijana tangu mwanzo, karibu nusu kwa nusu. Wa tatu ni uanagenzi wa jua kali, yaani kujifunza chini ya fundi wa karakana ya mtaani, halafu baadaye mtihani wa greidi, ule wa serikali wa kupima mafundi, ili mikono ipate karatasi.

Shafti moja, karakana tatu

Kuna kazi moja ndogo ninayompimia kila kijana. Shafti ya pampu, yaani mhimili wake unaozunguka, imelika pale beringi inapokaa. Beringi ni namba 6205, tundu lake milimita 25. Kereza shafti mpya, ivalishe beringi, pampu irudi kazini.

Kijana mmoja wa chuo, wiki yake ya kwanza kwangu, alikereza chuma kikang'aa hadi nikamwita mwenzangu aje kuona. Tukapima: 24.90. Beringi iliingia kwa kusukuma na kidole, naye akatabasamu kwa kuwa imeingia. Chuoni labda angepata alama nane kwa kumi, maana kosa lake ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwangu ile ilikuwa chuma chakavu. Beringi ingeanza kuzunguka juu ya shafti, ingeila, na pampu ingesimama usiku kwenye zamu ya watu wengine. Kijana hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba beringi njema hukataa kuingia.

Fundi wangu wa Kibuye angeifanyaje shafti hiyo ya 24.90? Angechukua senta panchi, kile chuma chenye ncha, na nyundo, akaigonga vitone pande zote hadi chuma kikavimba, beringi ikakaza. Dakika kumi. Mama mwenye mashine ya posho angeondoka nayo siku hiyo hiyo na jioni watu wangesaga mahindi. Itashika kwa muda, kisha italegea, na fundi anajua hivyo, na mama naye ameshaambiwa. Usicheke. Mama yule hana pesa za shafti mpya leo, na huo nao ni ujuzi: kujua mteja anaweza kulipia nini. Lakini kijana aliyejifunza vitone peke yake akija kiwandani kwangu ataviweka kwenye pampu ya maji moto, na hapo tutakosana.

Aliyelelewa kwa kupokezana nimefanya naye kazi mmoja tu aliyemaliza mpango mzima. Kabla hajawasha mashine aliniuliza, "Mkuu, nani ana maikromita? Na mnataka ikae taiti kiasi gani?" Maikromita ndiyo kifaa cha kupimia vipimo vidogo kama hivyo. Sikumpima zaidi ya hapo.

Chuo na miezi mitatu ya atachimenti

Nianze na uzuri wake, kwa sababu baadaye nitaulalamikia. Cheti ni cha taifa, unakwenda nacho Eldoret, Mombasa au ng'ambo. Mtaala wa sasa wa umahiri una ngazi: aliye na D anaingia ngazi ya 5, ambayo ni cheti cha ufundi, na akimaliza anaweza kupanda hadi ya 6, diploma. Upimaji wake nao umebadilika. Kijana huambiwa ameweza au bado hajaweza, na anatunza jalada la ushahidi wa kazi alizofanya. Na chuoni ndiko mahali pekee, kati ya milango mitatu, ambapo mtu atakaa chini na kufundishwa kusoma mchoro kwa utaratibu. Asiyesoma mchoro atakuwa msaidizi wa fundi hadi astaafu. Nimewaona.

Vyuo havikosekani. Hapa Nakuru tuna politekniki ya taifa ya Rift Valley (zamani RVIST) na KITI, Kisumu kuna politekniki ya taifa na RIAT, na dada yangu kule Kakamega ana Sigalagala mlangoni pake. Kuhusu karo, tangu 2018 vyuo vya umma viliwekewa kiwango cha shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikabeba 30,000, mzazi akabaki na 26,420, na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ikawa inakopesha hadi 40,000. Utaratibu huo umeguswaguswa tangu hapo, kwa hiyo omba karatasi ya karo ya mwaka huu na uisome hadi chini, pale penye "ada nyinginezo".

Sasa lalama. Miezi mitatu ni wiki kumi na mbili. Wiki ya kwanza ni ovaroli, buti, na kuonyeshwa choo kilipo. Ya pili na ya tatu kijana anajifunza majina ya vitu na majina ya watu, maana mafundi hawampi kitu mtu wasiyemjua. Kwenye wiki ya nane anaanza kuwa na faida. Ya kumi na mbili anaaga. Mkufunzi wa chuo amekuja mara moja, amesaini, amekunywa soda, ameondoka.

Mwaka wangu wa kwanza wa usimamizi, kijana aliniletea kitabu chake cha atachimenti siku ya mwisho. Wiki zote kumi na mbili zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, wino bado unanukia, na kila ukurasa umesema "nilisaidia katika matengenezo ya mashine". Nilisaini yote kumi na mbili nikiwa nimesimama. Sijivunii. Tangu hapo nasaini Ijumaa kwa Ijumaa, na asiyeniandikia namba ya mashine na kipuri alichobadilisha namrudishia.

Kosa si la vyuo peke yao. Kuna viwanda vinavyomchukulia mtoto wa atachimenti kama mkono wa bure: piga deki, chemsha chai, beba mabomba. Na kuna vyuo ambavyo "ushirikiano na viwanda" maana yake ni kumpa mwanafunzi barua na kumwambia aende akajitafutie. Utawakuta mwezi wa tano wakizunguka eneo la viwanda na bahasha ya kaki, wakiongea na mabawabu.

Kupokezana

Mfano wake mkubwa ni Ujerumani. Kule mafunzo haya yana sheria yake tangu 1969. Kijana anatia saini mkataba na kampuni, analipwa posho kila mwezi, anakaa kazini siku tatu au nne kwa wiki na shuleni siku moja au mbili, kwa miaka mitatu hivi. Hapa Kenya mpango umekuwa ukiingizwa kidogo kidogo, Wajerumani wenyewe wakisaidia, na nafasi zake bado ni haba. Kwa hiyo mzazi usikae ukisubiri mlango huu kana kwamba una tarehe ya kufunguliwa kila mahali. Uliza chuoni: idara hii ina mpango huo, na kampuni gani?

Faida yake haiko kwenye wingi wa masaa pekee. Iko kwenye majira. Chukua viwanda vya sukari vya magharibi. Miwa inaposagwa, kinu kinalia usiku na mchana na kijana wa atachimenti anaambiwa neno moja tu: usiguse. Kiwanda kikifungwa kwa matengenezo, ndipo roli zinapofunguliwa, gia zinaning'inia kwenye winchi, boila inaingiwa mtu ndani, na fundi ana nafasi ya kueleza. Wiki chache hizo zinafundisha kuliko muhula mzima. Mwanafunzi wa miezi mitatu akianguka nje ya wiki hizo, basi tena. Wa kupokezana atazikuta, kisha atarudi kuona kile alichokifunga kikizunguka, na kama kinavuja atajua ni chake. Kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria ni vivyo hivyo. Tabaini ikiwa inazunguka, mgeni huangalia saa za kupimia tu.

Jambo la pili ni kwamba kampuni iliyomchagua kijana mwenyewe, ikajua itakuwa naye miaka miwili au mitatu, humpa mtu wa kumshika. Nitasema waziwazi: kwangu hiki ndicho kipimo cha ushirikiano wowote. Picha ya mkuu wa chuo na meneja wakipeana mikono huku wamefungua majalada mekundu nimeiona kwenye kuta nyingi. Jumatatu saa mbili kasoro asubuhi, kijana akifika langoni, anakabidhiwa nani? Akiwa na jina, ushirikiano upo. Akiambiwa "ngoja hapo kwa benchi", haupo, hata kama makubaliano yana mihuri saba.

Hatari zake. Kijana anaweza kufunzwa mashine za mwajiri mmoja, halafu mwajiri akaondoka. Sisi wa ukanda huu hatuhitaji kusimuliwa. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, Webuye, kilifungwa 2009. Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri hapa Nakuru 2014. Kampuni ya sukari ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyewekwa na wadai, 2019. Kila mara mafundi walitoka langoni wakiwa na ujuzi, lakini aliyekuwa na cheti cha taifa alipata pa kwenda upesi kuliko aliyekuwa na barua ya "kwa yeyote anayehusika". Kwa hiyo mpango wowote wa kupokezana usiomalizikia kwenye cheti kinachotambulika nchi nzima, uukatae hata posho ikiwa nono.

Hatari nyingine ni ya kibarua kilichovalishwa jina zuri. Sheria ya mafunzo ya viwandani inataka mkataba wa uanagenzi uwe wa maandishi na usajiliwe NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Wakisema karatasi zitakuja baadaye, mwambie mtoto avue ovaroli arudi nyumbani.

Na hapa kuna siri ambayo wazazi wengi hawaijui. Waajiri hulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Kiwanda cha watu 200 kinatoa 120,000 kwa mwaka. Aliyelipa anaweza kudai arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Meneja akikwambia kufundisha vijana ni hasara, muulize kwa heshima kama amewahi kudai. Wengi hukohoa.

Jua kali

Kibuye ilinipa vitu ambavyo chuo kisingenipa. Siku ya tatu nilikuwa nimeshika chuma. Mwaka wa kwanza nilijua bei, nilijua kumwambia mteja "njoo kesho" bila kumpoteza, nilijua kutofautisha chuma kigumu na laini kwa cheche zake kwenye jiwe la kunolea. Anayetaka kufungua karakana yake mwenyewe hana shule bora kuliko hiyo, na kusema kweli wengi wa vijana wetu mwisho wao ni kujiajiri.

Ilinipa pia usiku wa macho. Tulichomelea bila kioo, tukifumba jicho moja na kugeuza uso, na saa nane za usiku macho yakawa kama yametiwa mchanga. Dawa tuliyopewa ilikuwa vipande vya viazi. Hadi leo mwangaza mkali wa jua unanisumbua. Kwa mabinti hali ni ngumu zaidi. Hakuna pa kubadilishia nguo, maneno ni mengi, na fundi asipokuwa mtu wa heshima hakuna ofisi ya kumshtakia. Mzazi wa binti, mchunguze fundi kuliko unavyochunguza kazi yake.

Pesa? Kuna mafundi wanaotaka kulipwa ili wafundishe, na kuna wanaompa kijana pesa ya chakula cha mchana akishaanza kufaa. Mapatano ni ya mdomo, na mdomo hubadilika. Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, shahidi akiwepo: atajifunza nini, muda gani, na vifaa vikivunjika nani analipa.

Karatasi ndiyo iliyokuwa pengo la zamani, na siku hizi lina daraja. NITA hutahini greidi ya III, ya II na ya I, na Kisumu wana kituo chao, kwa hiyo wa huku magharibi hana sababu ya kupanda basi la Nairobi. Upo pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo mtu hupimwa kwa anachoweza kufanya na akapewa cheti. Mimi nilifanya greidi ya III baada ya miaka minne. Kwa mikono nilipita bila jasho. Kwenye mchoro nilikaa nikiutazama kama ramani ya nchi nisiyoijua. Nikarudi mwaka uliofuata, safari hii nimesomeshwa na kijana wa politekniki niliyemlipa kwa chapati na maharagwe, Jumapili kumi mfululizo.

Nilichomwambia dada

Kama nyumba inahitaji pesa sasa, na kijana amekwisha kuwa mtu mzima mwenye mikono ya kazi, ningesema jua kali, greidi ndani ya miaka mitatu, na asome mchoro tangu mwaka wa kwanza. Kama kuna nafasi ya kupokezana iliyosajiliwa, yenye cheti cha taifa na mtu wa kumshika, ningesema achukue hata kama ni mbali na nyumbani, na akubali kuamka saa kumi na moja. Kiwanda hakina "nilicheleweshwa na matatu".

Kwa huyu wetu, mwenye miaka kumi na minane, mama muuza nguo sokoni, D plasi na hamu ya mashine, kupokezana hakukuwepo kwenye fani yake tulipouliza. Ikabaki chuo, ngazi ya 5. Lakini tulikichagua chuo kwa atachimenti yake, majengo tukayaacha. Dada alikwenda mwenyewe idarani na maswali niliyomtumia kwa simu. Mwaka jana wanafunzi wa idara hii walipokelewa na kampuni zipi, kwa majina? Mkufunzi wa mashine mara ya mwisho kufanya kazi kiwandani ilikuwa lini? Mwanafunzi akiumia akiwa atachimenti, bima ni ya nani? Katika chuo cha kwanza walimjibu "kampuni mbalimbali, mama". Katika cha pili mkuu wa idara alitoa daftari, akamwonyesha orodha, na mbele ya jina moja la kampuni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: tusipeleke tena, wanawafagiza. Dada akalipa karo hapo hapo.

Na likizo ni za Kibuye. Nilimpeleka mwenyewe kwa fundi wangu wa zamani, mzee sasa, nikabeba kilo mbili za sukari. Miwani ya kuchomelea nilimnunulia mimi.

Yuko muhula wa tatu. Juzi alinitumia picha: shafti mkononi, maikromita juu yake, 25.01. Chini akaandika, "Mjomba, beringi inakataa kabisa kuingia. Niipige msasa kidogo?"

Nikamjibu: "Usiguse msasa. Ipashe moto hiyo beringi ipanuke."